Maswali na Majibu ya Kompyuta: Kuchuja Matamko ya Fanksheni na Klasi Kutoka Kwenye Msimbo

SWALI: Mwalimu, pokea salamu nyingi kutoka Mbale. Ninashughulikia kompyuta katika SACCO moja ya wakulima wa kahawa. Kijana aliyetuandikia mfumo wa mikopo amepata kazi nje ya nchi na kuniachia folda yenye mafaili 41 ya Python, bila hata karatasi moja ya maelezo. Majina mengine ameyaandika kwa Kiingereza na mengine kwa Luganda, kwa hiyo hata kukisia nimeshindwa. Meneja anataka nimwandalie orodha ya fanksheni na klasi zote zilizomo, pamoja na vigezo vyake (thamani inazopokea), ili watakaoipokea kazi hiyo wajue pa kuanzia. Nilijaribu kuandika `grep -r def .` nikaletewa mistari isiyo na idadi, na mingi haihusiani kabisa na ninachokitafuta. Je, kazi hii inaweza kufanywa kwa amri za terminali, au nifungue faili moja baada ya jingine? Mrithi wa Msimbo, Mbale.

JIBU: Usifungue hata moja kwa sasa, ndugu yangu. Njia zipo tatu, nami nitazieleza kuanzia ile nyepesi isiyoaminika sana hadi ile unayoweza kuiwekea sahihi mbele ya meneja. Kabla ya hapo, hata hivyo, inafaa uelewe kwa nini amri yako ilikusomba namna ile, kwa maana ukilielewa hilo, mengine yote yatajieleza yenyewe.

Ken Thompson aliiandika grep katika maabara ya Bell, Marekani, na ikatoka kwa watumiaji wa Unix mwaka 1973. Jina lake limetokana na amri ya kihariri cha zamani kiitwacho ed, yaani `g/re/p`, ambayo maana yake ni kupitia faili zima, kutafuta ruwaza, yaani mpangilio fulani wa herufi, na kuchapisha kila mstari wenye ruwaza hiyo. Mpaka leo haifanyi zaidi ya hayo: husoma mstari mmoja, hulinganisha herufi, husonga mbele. Haijui Python wala haijui Java. Kwake yeye herufi d, e na f zikifuatana ni zilezile, ziwe neno la kutangaza fanksheni, ziwe mwanzo wa `default`, au ziwe zimejificha katikati ya `undefined`.

Chukua mfano wa mtoto wa shule uliyempa gazeti ili akuandikie majina yote ya watu na viumbe, ukampa kanuni moja tu kwamba majina hayo huanza na m-. Atakuletea mtu, mtoto na mkulima, lakini papo hapo atakuletea mti, mto na mkate. Hajakosea hata kidogo, maana kanuni ameifuata. Mwenzake anayetazama upatanisho, akaona kwamba mtu *ameanguka* ilhali mti *umeanguka*, ndiye atakayezitenga ngeli hizo mbili bila kubahatisha. Zana za kuchuja matamko, yaani mistari inayotangaza fanksheni au klasi, nazo zimegawanyika hivyohivyo: zipo zinazotazama silabi ya kwanza, na zipo zinazochanganua sentensi nzima.

Ili tuzungumze juu ya kitu kinachoonekana, tuseme moja ya mafaili yako linaitwa mikopo.py, na limeandikwa hivi (namba za pembeni nimeziweka mimi kwa ajili ya maelezo):

```
 1  class Mkopo:
 2      def __init__(self, mwanachama, kiasi):
 3          self.mwanachama = mwanachama
 4          self.kiasi = kiasi
 5
 6      def riba(self, miezi):
 7          return self.kiasi * 2 * miezi // 100
 8
 9  async def sasula_ebbanja(
10      namba,
11      kiasi,
12      sarafu="UGX",
13  ):
14      """Lipa deni kwa simu.
15
16      def sasula(namba) ndiyo iliyokuwa zamani.
17      """
18      return namba, kiasi, sarafu
```

Tazama jina la fanksheni iliyo kwenye mstari wa 9. Anayetafuta neno `lipa` au `pay` hataipata kamwe, kwa sababu mwandishi alifikiria kwa Luganda siku hiyo. Ndiyo maana ninakuunga mkono katika kutafuta matamko yenyewe badala ya kutafuta majina.

Kwa kutumia grep, andika hivi:

```
grep -nE '^[[:space:]]*(async[[:space:]]+)?(def|class)[[:space:]]' mikopo.py
```

Kofia iliyo mwanzoni inaamuru kwamba ulinganisho uanzie mwanzo wa mstari. Mabano ya mraba yanayofuata, pamoja na nyota yake, yanaruhusu ujongezo (nafasi tupu mwanzoni mwa mstari) wa kiasi chochote, hata pasipokuwa na ujongezo. Sehemu yenye alama ya kuuliza inaruhusu neno `async` liwepo au lisiwepo. Nafasi inayodaiwa mwishoni ndiyo inayoyafungia nje `default` na `classify`, ambayo yalikujazia skrini. Herufi n inakupa namba ya mstari, na E inaiambia grep iyahesabu mabano, alama ya kuuliza na kile kijiti cha wima kuwa ishara za ruwaza. Ukiisahau, itayatafuta mabano yenyewe kama yalivyo na haitapata chochote. Matokeo ni haya:

```
1:class Mkopo:
2:    def __init__(self, mwanachama, kiasi):
6:    def riba(self, miezi):
9:async def sasula_ebbanja(
16:    def sasula(namba) ndiyo iliyokuwa zamani.
```

Takataka nyingi zimeondoka, lakini dosari mbili zimebaki, na zote mbili zinafuata tabia ya zana yenyewe. Mstari wa 9 umekatwa kwenye mabano, kwa kuwa vigezo viko kwenye mistari inayofuata na grep haivuki mstari. Mstari wa 16 si tamko hata kidogo, ni maelezo yaliyoandikwa na binadamu ndani ya alama tatu za nukuu, ila yameanza na neno `def`. Unaweza kuongeza `-A 4` ili uone mistari minne baada ya kila tamko, nami nimewaona watu wengi wakifanya hivyo, lakini hapo utakuwa umerudisha takataka kwa mlango wa nyuma. Hakuna ruwaza utakayoirefusha mpaka iyatibu haya yote, kwa sababu mabano ndani ya mabano hayana kina maalumu, na ruwaza za kawaida haziwezi kuhesabu kina. Grep inatosha pale unapotaka kutupa jicho tu. Kwa orodha ya kukabidhiana kazi, haitoshi.

Njia ya pili ni ctags. Zana hii ni kongwe. Ya kwanza iliandikwa na Ken Arnold kwa ajili ya Unix ya Berkeley mwishoni mwa miaka ya 1970, ili mtu anayehariri kwa kihariri cha vi aweze kuruka moja kwa moja hadi mahali fanksheni ilipotangazwa. Inayotumika siku hizi ni Universal Ctags, ambayo inazifahamu lugha nyingi sana, zikiwemo Python, PHP, Java, C na JavaScript. Kwenye Ubuntu utaipata kwa `sudo apt install universal-ctags`. Kisha simama ndani ya folda yako, uandike:

```
ctags -R -x --languages=Python --kinds-Python=cfm --exclude=venv .
```

Herufi c, f na m zinasimama kwa klasi, fanksheni zilizo huru, na fanksheni zilizo ndani ya klasi. Utapewa jedwali lenye jina, aina, namba ya mstari, faili na mstari wenyewe. Maneno yaliyomo ndani ya nukuu hayatakusumbua tena, kwa kuwa ctags inatambua nukuu inapoanzia na inapoishia. Hata hivyo safu ya mwisho ya jedwali ni mstari mmoja tu wa faili, kwa hiyo `sasula_ebbanja` bado itaonekana bila vigezo. Ukivihitaji, achana na `-x` na uombe saini kamili, yaani jina pamoja na vigezo vyote:

```
ctags -R --languages=Python --kinds-Python=cfm --fields=+nS --exclude=venv -f - .
```

Matokeo haya hayapendezi machoni, lakini kila kitu kimo. Niongeze jambo moja kwa wanaotumia Mac: amri ya ctags inayokuja na mashine hizo ni ile ya zamani, haiitambui `-R`, na itakulalamikia. Kosa si lako. Pakua Universal Ctags na uiweke wewe mwenyewe.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo ninayoipendekeza kwa kazi yako, ni kukiomba kichanganuzi cha Python chenyewe kikusomee mafaili. Python ina moduli iitwayo `ast`, ambayo huigeuza programu kuwa mti, kama ule mchoro wa matawi tuliochorewa darasani tulipokuwa tukichanganua sentensi za Kiswahili, kirai nomino upande huu na kirai kitenzi upande ule. Katika mti huo kila klasi ni tawi, kila fanksheni ni tawi, na maelezo ya ndani ya nukuu ni jani lisiloweza kujifanya tawi. Hifadhi haya kwa jina orodha.py, mahali palipo nje ya folda ya mfumo:

```
import ast, sys

def tembea(nodi, ngazi=0):
    for n in ast.iter_child_nodes(nodi):
        pengo = "  " * ngazi
        if isinstance(n, ast.ClassDef):
            print(n.lineno, pengo + "class " + n.name)
            tembea(n, ngazi + 1)
        elif isinstance(n, (ast.FunctionDef, ast.AsyncFunctionDef)):
            print(n.lineno, pengo + "def " + n.name
                  + "(" + ast.unparse(n.args) + ")")
            tembea(n, ngazi + 1)
        else:
            tembea(n, ngazi)

for jina in sys.argv[1:]:
    print(jina)
    try:
        with open(jina, encoding="utf-8") as f:
            tembea(ast.parse(f.read()))
    except SyntaxError as kosa:
        print("HALIKUSOMEKA, mstari wa", kosa.lineno)
```

Ukiiendesha juu ya mikopo.py utapata:

```
mikopo.py
1 class Mkopo
2   def __init__(self, mwanachama, kiasi)
6   def riba(self, miezi)
9 def sasula_ebbanja(namba, kiasi, sarafu='UGX')
```

Vigezo vilivyotawanyika kwenye mistari mitatu vimekusanyika pamoja, ile `def` ya uongo imetoweka, na ujongezo unakuonyesha kwamba `riba` ni mali ya klasi `Mkopo`. Kwa folda nzima:

```
find . -name '*.py' -not -path '*/venv/*' -exec python3 ../orodha.py {} + > ../orodha.txt
```

Usiiache ile sehemu ya `venv`. Humo ndimo maktaba zilizopakuliwa hukaa, na ukiiacha wazi meneja wako ataletewa maelfu ya fanksheni ambazo kijana wenu hakuziandika. Kama folda hiyo kwenu ina jina jingine, badilisha. Unahitaji pia Python ya toleo la 3.9 au la baadaye, kwa kuwa `ast.unparse` haikuwepo kabla ya hapo. Na ikiwa baadhi ya mafaili yatachapishwa na neno HALIKUSOMEKA, tazama kama yana `print` isiyo na mabano. Hiyo ni Python 2, ambayo ilikoma kutunzwa tarehe 1 Januari 2020, na hilo peke yake ni jambo la kumwarifu meneja kabla hajatia sahihi mkataba na mtu yeyote.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nisikuambie utumie `pydoc`, ambayo inakuja na Python na inatoa orodha nzuri yenye maelezo. Sababu ni kwamba pydoc huiingiza moduli, na kuingiza moduli ni kuendesha kila kilichoachwa wazi ndani yake. Nililijifunza hili kwa aibu. Katika ofisi moja niliyokuwa nikiisaidia, nilielekeza pydoc kwenye faili la kutuma ujumbe wa kuwakumbusha wadaiwa, na aliyeliandika alikuwa ameiacha amri ya kutuma chini kabisa, bila kuifungia ndani ya `if __name__ == "__main__":`. Nikakaa kusubiri orodha yangu. Kilichonijibu ni simu zilizolia meza hadi meza, kwa kuwa wafanyakazi nao walikuwa wanachama, na mhasibu, aliyekuwa amemaliza deni lake wiki iliyotangulia, akanigeukia akiwa ameishika simu yake juu bila kusema neno. Moduli ya `ast` husoma tu, haiendeshi chochote. Katika mfumo unaogusa fedha za watu na ambao huujui, kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuichagua, kuliko hata usahihi wake.

Ukishaipata orodha, ipime. Endesha ile grep ndefu kwa kuongeza `-r --include='*.py' --exclude-dir=venv`, uihesabu mistari yake kwa kuielekeza kwenye `wc -l`, kisha uhesabu mistari ya orodha.txt inayoanza na namba kwa `grep -c '^[0-9]' ../orodha.txt`. Katika mfano wetu utapata 5 upande mmoja na 4 upande wa pili, na ile moja iliyozidi unaweza kuieleza kwa kidole. Zikitofautiana kwa mia moja, kuna faili ambalo halikusomeka au folda iliyosahauliwa. Na ujue kwamba fanksheni zilizotengenezwa kwa njia ya mkato, mfano `hesabu = lambda x: x * 2`, hazitaonekana katika orodha hii, kwa sababu kisintaksia huo ni mgawo wa thamani, si tamko la fanksheni.

SWALI: Mwalimu, sisi ni wanafunzi wawili wa Mbarara tunaotengeneza kifaa cha kupima joto la maziwa kwenye matangi ya kupozea. Msimbo wetu ni wa C, na faili moja limekua mpaka tunataka kuligawa. Kuna amri inayoweza kututolea mifano-tangulizi ya fanksheni zote (prototypes, yaani jina na vigezo bila mwili) ili tuiweke kwenye faili la `.h`, au tuinakili kwa mkono? Tumejaribu ruwaza za grep lakini kila mmoja wetu anaandika kwa mtindo wake.

JIBU: Vijana wangu, mitindo yenu miwili ndiyo inayowaponza. Katika C tamko linaweza kuandikwa kwa namna nyingi, na mmoja wenu bila shaka anaweka aina ya jibu, mfano `static int`, kwenye mstari wake wa peke yake, ilhali mwenzake anaunganisha vyote. Kanuni za uandishi za mradi wa GNU zinataka jina la fanksheni lianze kwenye safu ya kwanza kabisa ya mstari, na sababu iliyotajwa ni kwamba watu walitafute kwa urahisi na baadhi ya zana ziweze kulitambua. Kama mngeifuata kanuni hiyo, ruwaza fupi kama `grep -n '^[a-z_][a-z_0-9]* *(' pima.c` ingewatosha. Kwa kuwa hamkuifuata, tumieni cproto, inayopatikana kwa apt:

```
cproto pima.c > /tmp/pima.h
```

Angalieni kwamba nimeielekeza kwenye `/tmp` kwa makusudi. Mkiandika `> pima.h` moja kwa moja, na pima.c tayari inaiita pima.h, ganda la terminali litaifuta pima.h kuwa tupu kabla cproto haijaanza kusoma, na aina zote mlizozitangaza humo zitakuwa zimepotea. Nimeona jioni nzima ya kazi ikienda hivyo. Kwa kawaida cproto huziacha nje fanksheni za `static`, na hilo ni sawa, maana hizo hazina kazi katika faili la `.h`, mkizitaka, ongezeni `-s`.

Mkiwa mashambani bila intaneti ya kupakua kitu kipya, kompaila ya gcc mliyo nayo inaweza kazi hiyo pia:

```
gcc -c -aux-info matamko.txt pima.c
grep '^/\* pima\.c:[0-9]*:.F ' matamko.txt
```

Amri ya kwanza inaandika kila tamko ambalo kompaila imeliona, yakiwemo ya maktaba kama `printf`, ndiyo maana inabidi kuyachuja. Kila mstari hutanguliwa na jina la faili, namba ya mstari na herufi mbili, na herufi ya pili ikiwa F, hapo fanksheni imefafanuliwa kwa mwili wake, si kutajwa tu. Faida ya njia hii ni kwamba kompaila imeshafungua makro zote, yaani vifupisho vinavyopanuliwa kuwa msimbo kamili. Kama mmeandika makro inayozalisha fanksheni `soma_joto_1` hadi `soma_joto_4`, grep haitaziona hata mkesha nayo, lakini hapa zitatokea zote nne.

SWALI: Ninafanya kazi ya uwakala wa forodha hapa Busia. Programu yetu ya Java ipo kama faili la `.jar` tu, msimbo wake haupo. Naweza kujua ina klasi gani? 

JIBU: Unaweza. Andika `jar tf mfumo.jar` ili uone majina ya klasi zote zilizofungwa humo, kisha kwa kila unayoitaka uandike `javap -p -cp mfumo.jar` ukifuatisha jina kamili la klasi, lenye nukta badala ya mikwaju. Zana zote mbili zinakuja na JDK, kifurushi cha zana za kutengenezea programu za Java. Utaona fanksheni zote, hata za faragha, pamoja na aina za vigezo vyake. Majina ya vigezo hutayaona, kwa hiyo `lipa(String, int)` itakuwa kitendawili kwako mpaka upate nyaraka. Kusoma matamko ni jambo moja, kuufumua msimbo wenyewe ni jingine, na kwa hilo la pili soma kwanza mkataba wenu na muuzaji.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninasoma Kampala na ninakaa Kikoni. Orodha ya matamko ninayo, sasa ninataka kuitoa fanksheni moja nzima pamoja na mwili wake, na kujua ilibadilishwa lini. Ninatumia Windows, na bando langu ni dogo.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wengi huanza na `sed -n '/def riba/,/^$/p' mikopo.py`, yaani chapisha kuanzia hapo hadi mstari mtupu wa kwanza. Itakufaa mpaka siku utakapokutana na mwandishi aliyeacha mstari mtupu katikati ya fanksheni, na siku hiyo utapewa nusu bila kuambiwa kwamba ni nusu. Badala yake, katika ile orodha.py niliyompa ndugu wa Mbale, ongeza `n.end_lineno` baada ya `n.lineno` kwenye ule mstari wa `print` wa fanksheni. Itakuambia kwamba `riba` inaanza mstari wa 6 na kuishia wa 7, kisha `sed -n '6,7p' mikopo.py` itakutolea hasa hiyo. Kama juu ya `def` kuna mstari wenye alama ya `@`, ujumlishe mwenyewe, kwa sababu namba inayotolewa ni ya `def`.

Kuhusu historia, kama msimbo wako umehifadhiwa kwa git, programu inayotunza kumbukumbu za mabadiliko, inaweza kufuatilia fanksheni moja peke yake:

```
git log -L :riba:mikopo.py
```

Ikikujibu kwamba haikupata kitu, ni kwa sababu kwa kawaida git hutarajia tamko lianze mwanzoni mwa mstari, na `riba` imejongezwa ndani ya klasi. Tengeneza faili liitwalo `.gitattributes` kwenye mzizi wa mradi, uandike humo `*.py diff=python`, kisha urudie. Ukitaka kuharakisha, `git log -L 6,7:mikopo.py` inafuata namba za mistari badala ya jina.

Kwa upande wa bando, ukiwa na Git ya Windows tayari unayo Git Bash, na ndani yake mna grep, sed na awk, kwa hiyo huna haja ya kupakua kingine kwa ajili ya amri hizi. Ctags haimo. Python ikiwa imewekwa kutoka kwenye tovuti yake, andika `py` kila ulipoona nimeandika `python3`.